Usta Zaghlul na pamba ya Insaf

Mwuza ful, maharage ya asubuhi, hajafika hata nusu ya sufuria yake, na tayari Kichochoro cha Abu Shama kimejaa pamba. Mikeka imetandikwa kuanzia mlango wa msikiti mdogo mpaka duka la mkaa. Magunia yamefunguliwa vinywa. Katikati ya mikeka mwanamume mfupi mnene amepiga magoti, ameshika uta mrefu kuliko yeye, na anaupiga uzi wake kwa nyundo ya mti.

Uzi unavuma. Pamba inaruka, inapasuka katikati, inashuka taratibu ikiwa nyepesi. Kina mama wamejaza madirisha ya pande zote mbili, na kila gunia linapomalizika wanapiga vigelegele, kwa kuwa hii ni pamba ya bibi harusi.

Huyo anayepiga uta si Usta Zaghlul Abdul-Gawad, ingawa kila mtu mjini Samannud angeapa kwamba pamba ya bibi harusi katika kichochoro hiki haiwezi kupigwa na mtu mwingine. Usta Zaghlul ameketi kwenye kiti cha mgahawa, kule upepo unakotokea, kitambaa cheupe kikiwa kimemfunika pua na mdomo. Mikono ameilaza mapajani. Haijui la kufanya.

Mdomo wake ndio unaofanya kazi. Kutoka nyuma ya kitambaa anamuuliza mwenye uta kama anaupiga au anaupapasa. Anamwambia pamba ya kushoto inalia, haioni? Mwenye uta, Usta Mitwalli, anaendelea kupiga. Jasho linamtiririka mpaka kwenye ndevu, na anatabasamu.

Kila baada ya muda kiti cha Usta Zaghlul kinasogea mbele kidogo. Hakuna anayemwona akikisogeza. Na kila baada ya muda msichana mwenye hina mbichi viganjani anatoka mlangoni, anakishika kiti kwa ncha za vidole asiharibu hina, na kukivuta nyuma pamoja na baba yake aliyeketi juu yake.

"Baba, tulikubaliana nini?"

"Upepo umenisukuma."

Msichana huyo ni Insaf, mtoto wake pekee wa kike. Godoro ni lake.

*

Usta Zaghlul ana miaka sitini na sita. Heshima ya Usta, ambayo hapa hupewa fundi aliyeiva, aliirithi pamoja na uta. Baba yake alikuwa mshona magodoro, na kabla yake babu. Alianza kushika sindano kabla hajajua kusoma, na kusoma kwenyewe, anasema, hakukumwingia vizuri kama sindano.

Kazi yake ni ya aina mbili. Ya kwanza ni kuyafufua magodoro ya zamani. Pamba ikilaliwa miaka minne au mitano inakandamana na kuwa ngumu, mwenye nyumba anaanza kuamka na mgongo unauma, na hapo Usta anaitwa. Anafumua ganda, anatoa pamba, anaichambua kwa uta, anairudisha, anashona upya. Kwa hiyo analipwa kama pauni mia nne, chai isiyokatika, na chakula cha mchana.

Ya pili, ambayo ndiyo fahari yake, ni siku ya pamba ya bibi harusi. Hapo kichochoro kizima kinafungwa. Pamba inachambuliwa nje, mbele za watu, ili kila jirani aone ni safi na ni nyingi. Sharbati inazungushwa. Bata wanachinjwa. Godoro likiisha kushonwa, watoto wa mtaa wanaachiwa wabiringike juu yake, nyumba mpya isikose kizazi, na mikono ya fundi inajaa tunu kutoka kwa shangazi wanaoshindana kuonekana.

Watu wa Samannud wana neno la kale kwa kazi hiyo ya uta. Ni nafash. Pamba iliyolala ukiichambua mpaka ikainuka, hiyo ni nafash. Lakini neno halikukaa kwenye pamba peke yake. Jogoo akisimamisha manyoya ya shingo kabla ya kumrukia mwenzake, amefanya nafash. Kuku mgonjwa aliyejikunyata pembeni na manyoya yamemvimba, naye vilevile. Mke aliyeamka nywele timutimu huambiwa neno hilohilo na mumewe, kama mume ana ujasiri wa kutosha. Wazee wa mashambani bado wanalitumia kwa mbuzi waliotoka zizini usiku bila mchungaji wakatawanyika kwenye mazao ya mtu. Na kijana aliyenunua pikipiki jana na leo anapita kifua mbele, huyo wanasema ameyasimamisha manyoya yake.

Mwandishi wa makala haya, ambaye amelalia godoro la Usta Zaghlul tangu ahamie mji huu na hana mpango wa kulalia jingine, alimuuliza neno moja limewezaje kubeba mambo yote hayo. Alifikiri kidogo, akasema hayo si mambo mengi.

"Ni jambo moja tu. Kitu kilikuwa kimelala, sasa kimesimama. Mimi kazi yangu ni kuiamsha pamba."

Mkewe, Bi Nabawiya, aliyekuwa akichambua mchele pembeni, hakuiacha kauli hiyo ipite. "Na yeye mwenyewe ukimgusa tu, anasimama manyoya kuliko jogoo wangu wa darini."

Ni kweli. Usta Zaghlul ni mpole kwa watu na mkali kwa mishono. Mshono uliopinda hauvumilii, hata usiomhusu. Kichochoroni wanasimulia jinsi alivyokwenda kutoa rambirambi katika nyumba moja, akaketishwa kwenye godoro lililoshonwa na fundi mwingine, na wakati msomaji wa Kurani anamaliza kusoma, wafiwa wakakuta ukingo mzima wa godoro umefumuliwa na Usta yuko nusu ya kuushona upya. Anadai vidole vilifanya hivyo vyenyewe.

*

Miaka ya karibuni uta wake umekuwa ukivuma mara chache. Magodoro ya sponji yamejaa madukani, yamefungwa nailoni, yanapakiwa kwenye gari dogo na kufika nyumbani bila kelele wala vumbi. Zamani, baada ya mavuno, Usta alikuwa hapati siku ya kupumzika mpaka mwezi uishe. Siku hizi wiki nzima inaweza kupita.

Hilo halikumvunja moyo sana, kwa sababu kulikuwa na godoro moja ambalo aliamini hakuna duka litakalomnyang'anya.

Insaf alikuwa darasa la kwanza alipoanza kumwekea pamba. Wakulima wa vijiji vya jirani, ambao wakati wa mavuno mara nyingi walimlipa kwa pamba badala ya pesa, walijua kwamba Usta ataikagua ile pamba pale pale, atatoa konzi moja iliyo bora kuliko zote, ndefu na nyeupe, na kuitia kwenye mfuko mdogo wenye uzi mwekundu. Hawakuhitaji kuuliza. Mifuko ilimwagwa kwenye magunia, magunia yakapanda darini, yakawekwa juu ya mbao mbali na kuku. Kila kiangazi aliyaanika.

"Mtu akiniuliza Insaf anakua vipi, nilikuwa nikitazama magunia," anasema.

Mwaka jana Insaf, ambaye ni muuguzi katika wodi ya wagonjwa wa kifua, aliposwa na Shawqi, mwalimu wa hesabu, mtoto wa mwalimu, kaka wa walimu. Ni watu wema. Walikuja na keki kubwa, wakasifu chai, wakakaa kwa adabu. Tarehe ikapangwa. Usta Zaghlul akaanza kutazama magunia yake kwa jicho jingine.

Ndipo jioni moja, wakila, Insaf akasema bila kuinua macho kwamba yeye na Shawqi wamechagua godoro la sponji. Wameshalitazama dukani. Ndiyo mtindo wa sasa, alisema.

Bi Nabawiya anakumbuka kwamba mumewe alikuwa ameshika kipande cha mkate, akakirudisha kwenye sahani na kuinuka. Kuanzia jioni hiyo hakula tena na binti yake. Hakumgombeza, hakumuuliza kitu. Alipita kando yake ukumbini kama anapita mgeni, na Insaf akawa anamtengea chakula chake peke yake, akikifunika kwa sahani ili kisipoe.

"Nilijua sababu, au nilidhani ninaijua," anasema Usta. "Nikasema, anaingia nyumba ya walimu, anaona haya kuingia na godoro la baba yake. Nilimlea kwa uta huu. Viatu vyake vya shule ni uta huu. Iliniuma mpaka nikatamani ningekuwa na kazi nyingine, na mimi sijawahi kutamani hivyo maisha yangu yote."

Lilikuwa jambo zito kuliko watu wa nje wanavyoweza kudhani. Mtaa mzima ulikuwa unasubiri pamba ya Insaf. Fundi aliyewachambulia mabibi harusi wa mitaa mitatu, leo binti yake aingie kwa mumewe na kitu kilichofungwa nailoni? Usta alijiona anavuliwa nguo hadharani.

Basi akafanya kosa ambalo mshona magodoro peke yake angeweza kulifanya. Aliamua godoro atalitengeneza, Insaf apende asipende, na siku ikifika ataliweka tu mlangoni, aone nani atalirudisha. Lakini pamba ya bibi harusi huchambuliwa nje, na nje watu wangeuliza bibi harusi mwenyewe yuko wapi, vigelegele viko wapi. Kwa hiyo akaichambua ndani. Alijifungia kwenye chumba cha darini, akaziba dirisha kwa blanketi ili mvumo wa uta usisikike, akaziba hata upenyo wa chini ya mlango kwa matambara, na akaanza.

Mtu yeyote aliyewahi kusimama karibu na pamba inayopigwa anajua vumbi lake. Nje, upepo unalichukua. Ndani ya chumba kilichozibwa, lilikuwa na mahali pamoja tu pa kwenda.

Insaf alirudi kutoka kazini adhuhuri, akasikia kishindo darini, kisha akasikia jogoo anapiga kelele. Alipousukuma mlango hakuona kitu, chumba kizima kilikuwa cheupe. Alimkuta baba yake chini, ameegemea magunia, midomo imebadilika rangi, anavuta hewa na hewa haiji. Alimbeba mgongoni kushuka ngazi. Usta si mtu mzito, lakini ngazi ile ni nyembamba na Insaf mwenyewe ni mwembamba, na hadi leo hajui amewezaje.

*

Walimweka hospitali siku kadhaa, katika wodi ileile anayofanya kazi binti yake. Daktari alisema mapafu yamechoka na vumbi la miaka mingi. Asipige uta tena. Alale ameinua kichwa. Akatahadharishwa kwamba safari ijayo huenda asibebwe kwa wakati.

Usta alimsikiliza daktari akitazama dari. Daktari alipoondoka, Insaf alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Walikuwa hawajazungumza tangu jioni ile ya sponji. Usta ndiye aliyeanza, kwa sauti iliyokwaruza, akamuuliza kama kweli anamwonea haya.

Wagonjwa wa vitanda vya jirani wanasema muuguzi wao, ambaye huwa hatokwi na chozi hata mtu akifa mikononi mwake, alilia kwa sauti.

"Baba, ninalala chumba cha pili. Kila usiku ninasikiliza kikohozi chako, na mchana ninakuja hapa kusikiliza vikohozi vya watu wengine, na ninajua chako kinaelekea wapi. Nilikwambia mara ngapi? Ukasema ni kikohozi cha fundi. Sikulikataa godoro lako. Nilikataa kifua chako kiingie ndani yake."

Usta Zaghlul alimshika mkono, ule aliokuwa akiushika kumvusha barabara akienda shule, na wakakaa hivyo mpaka zamu ya Insaf ikaanza.

Akisimulia hayo sasa, anajifuta macho kwa pembe ya kitambaa chake, na hajali kuonekana. "Sponji," anasema. "Nilikuwa nimekasirikia sponji."

*

Ilibaki pamba. Nusu yake ilikuwa imechambuliwa, nusu bado, yote iko darini, na harusi inakuja. Insaf alisema wanaweza kuiuza au kuiacha. Usta alikubali kwa kichwa. Mkewe, anayemjua, aliona hajakubali.

Samannud ina mchambua pamba mwingine mmoja, Usta Mitwalli, na jina hilo lilikuwa halitamkwi katika nyumba ya Zaghlul. Wawili hao walifundishwa kazi na baba yake Zaghlul, walikula sahani moja, walichanga nauli kwenda kwenye magodoro ya vijijini. Kisha Mitwalli akanunua mashine ya umeme ya kuchambulia. Zaghlul akasema mbele za watu kwamba mashine inaikata pamba, na anayeitumia ni mwuza nyasi. Tangu hapo ni miaka tisa bila neno. Walipokutana sokoni kila mmoja alisimamisha manyoya na kupita upande wake. Msikitini walisali safu moja, na salamu ya kumalizia sala ndiyo pekee waliyopeana, kwa vile haikwepeki.

Siku moja baada ya alasiri, Usta Zaghlul alivaa kanzu yake ya Ijumaa ingawa ilikuwa Jumatatu, akamwambia mkewe anakwenda kunyoosha miguu, na akaenda moja kwa moja hadi dukani kwa Mitwalli. Mashine ilikuwa inanguruma. Alisimama mlangoni. Kilichosemwa pale wote wawili wanakisimulia sawasawa, jambo ambalo kwao ni nadra.

"Mashine yako bado inaikata pamba?" Zaghlul aliuliza.

"Bado. Na ulimi wako, bado unakata watu?"

Kisha Zaghlul akasema, "Insaf anaolewa."

"Nimesikia. Nikasikia na habari ya sponji, nikamwambia aliyenipa habari ni mwongo."

"Mitwalli, daktari amenikataza uta."

Mitwalli aliizima mashine. Alichukua kiti, akakifuta kwa mkono wa kanzu yake, akakitoa nje hadi upande wa pili wa njia, mbali na mlango, akakiweka kivulini.

"Kaa, ndugu yangu," alisema. "Kaa hapa, huku hakuna vumbi."

Zaghlul anakiri kwamba alikuwa ameandaa maneno mengi njiani, na kwamba kile kiti kiliyafuta yote. Aliomba tu mashine. Alisema yuko tayari, pamba ya Insaf ipite kwenye mashine, na ikiikata basi imekatwa. Mitwalli ndiye aliyekataa. Alisema pamba iliyochaguliwa konzi kwa konzi haiwezi kutiwa kwenye mashine yake, na kwamba uta wake bado upo ukutani.

"Mikono yako imeshasahau," Zaghlul alimwambia.

"Basi utakaa pembeni unitukane mpaka ikumbuke."

*

Ndivyo tunavyorudi kwenye kichochoro, kwenye kiti kinachotembea, na kwenye matusi ambayo sasa msomaji anajua yalikuwa sehemu ya mapatano. Masharti mengine aliyaweka Insaf. Uta upigwe nje na si penginepo. Baba akae kule upepo unakotokea, na kitambaa. Pamba itulie kabisa kabla hajaikaribia. Akikubali hayo, ataruhusiwa sindano.

Saa tano uta unanyamaza. Mitwalli anakaa chini, anatikisa mabega yanayomuuma, anaomba chai. Pamba imerundikana nyeupe hadi kiunoni mwa mtu. Usta Zaghlul anasubiri. Insaf anatazama vumbi hewani kwa mwanga wa jua, anaitazama tena, kisha anamwashiria baba yake kwa kidevu.

Anaondoka kitini haraka kuliko alivyokatazwa. Anapiga magoti, anatia mkono kwenye pamba mpaka kiwiko, anaitoa konzi moja na kuivuta polepole kati ya vidole. Mitwalli ameacha kunywa chai.

"Haikukatika," Usta anasema, na kuuinamia mkeka.

Wanajaza pamoja, mmoja huku na mwingine kule, bila kuelekezana. Kisha Usta anashona. Sindano ndefu inazama, inaibukia upande wa pili, inarudi. Ukingo unakunjwa na kusimama wima pembe hadi pembe, mstari mmoja ulionyooka. Anakohoa mara mbili tu, na mara zote mbili vichwa vinageuka madirishani. Mama yake Shawqi, mwalimu mstaafu, amekuja na sinia la peremende, amekaa chini kwenye mkeka na wanawake wengine na kupiga vigelegele vibaya kuliko wote. Insaf alikuwa ameshakwenda dukani kughairi sponji.

Godoro linapokamilika watoto wanaachiwa. Wanabiringika, wanapiga vichwa, mmoja analia, anapewa peremende. Usta anawaangalia, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi mikono yake imetulia.

Lakini godoro si nene kama lilivyotarajiwa. Wanawake wenye macho wameliona hilo, na yeye ameliona kabla yao. Pamba ya magunia yale aliijua kwa uzito. Anamwita Insaf pembeni na kumuuliza kwa sauti ya chini nani ameipunguza pamba ya bibi harusi, maana hilo ni jambo la kusemwa mtaani.

Insaf anaingia ndani na kutoka na mto. Ni mto mrefu na mnene, wa kuegemeza mgongo, aina ile daktari aliyoagiza kwa mtu asiyeweza kulala chali. Jana, wakati Mitwalli anaipima ile pamba iliyokuwa imeshachambuliwa darini, Insaf alimwomba amwekee kando sehemu yake. Ganda amelikata mwenyewe. Ameushona mwenyewe, usiku, baada ya zamu.

Mishono yake ni mibaya. Mwandishi wa makala haya si fundi, lakini hata yeye aliiona. Imepinda, imerukaruka, pembe moja imevutwa na nyingine imelegea, na mahali pamoja uzi umefungwa fundo kubwa. Mitwalli aliutazama mto, akamtazama mwenzake, akajiandaa kucheka.

Usta Zaghlul aliupokea kwa mikono miwili. Kidole gumba chake kilitembea juu ya ukingo, mshono kwa mshono, kikafika kwenye lile fundo, kikasimama. Bi Nabawiya anasema alikaa roho juu, kwa sababu anamjua mumewe na mishono. Kidole kiliendelea mbele.

"Umenyooka," alisema.

Mipango yake sasa ni midogo na ameshaiongea na Mitwalli. Watafanya kazi pamoja kama zamani. Mitwalli atachambua, kwa mashine kwa wenye haraka na kwa uta kwa mabibi harusi, na yeye atashona, akikaa upande usio na vumbi. Anatumaini kuwashonea wajukuu wake magodoro madogo, Mungu akipenda, na kwa hilo ameshaanza tena kuwaagiza wakulima konzi moja moja.

Usiku analala ameegemea mto wa Insaf, na anasema kifua kinampa nafasi. Wiki iliyopita Mitwalli alikuja kunywa chai, akaona lile fundo, na kwa nia njema kabisa akatoa mkasi mfukoni aliweke sawa.

Bi Nabawiya anasema jogoo wa darini hajawahi kusimamisha manyoya namna ile. Usta Zaghlul aliuvuta mto kifuani, akaukumbatia, na kumwambia rafiki yake afumue godoro lolote analotaka katika nyumba hii, lakini huu asiuguse.